Kipanya cha Serikali

Ipo nchi, na itaendelea kuwepo kadiri serikali yake itakavyoruhusu, ambayo sifa yake kubwa ni kuheshimu sheria. Viongozi wake wanaiheshimu sheria kiasi kwamba hawaigusi. Kila wanapotaka kupita mahali ilipo huizunguka kwa mbali, kwa adabu, kama mtu anavyomzunguka mgonjwa aliyepata usingizi kwa shida.

Katika nchi hiyo, kwenye bonde liitwalo Chungumoja, aliishi mfinyanzi mmoja, Bi Siwatu, pamoja na mumewe Mzee Ngwali. Vyungu vya Bi Siwatu vilipikiwa maharage hadi kwenye mikoa ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuiona. Udongo wake aliuchimba nyuma ya nyumba, mahali alipochimba mama yake, na mama yake alizikwa hatua chache kutoka hapo, kwa ombi lake mwenyewe, ili asiende mbali na kazi.

Mzee Ngwali alipoteza macho zamani, lakini mgeni angeweza kushinda naye kutwa asigundue. Alikwenda mtoni peke yake na kurudi na ndoo imejaa. Alijua jiwe la kukanyaga na jiwe la kukwepa, alijua mbuzi wa nani anafungwa wapi, na alipofika kwa jirani yao Mwinjuma alijua kwa harufu ya tumbaku kwamba mwenyewe yupo.

Sasa, serikali ya nchi ile ilikuwa imegundua jambo la kusikitisha sana. Nchi jirani ilikuwa na ziwa, na yenyewe haina. Wageni mashuhuri walipokuja, Rais alilazimika kupiga nao picha mbele ya bwawa la kuogelea la hoteli. Wataalamu wakatumwa kutafuta mahali penye umbo la ziwa ila hapana maji, wakarudi na jibu: Chungumoja. Kazi ingekuwa kuziba upande mmoja tu, na watu kuondoka.

Tatizo likawa sheria. Sheria ya nchi ilisema kwamba mwananchi hataondolewa kwenye makazi yake isipokuwa kwa ridhaa yake, aliyoitoa kwa mkono wake mwenyewe. Baraza la Mawaziri likakaa. Waziri mmoja alishauri watu waulizwe kwa mdomo. Akaambiwa mdomo si mkono. Mwingine alishauri wapewe karatasi watie alama. Akakumbushwa kwamba huo ulikuwa Mwaka wa Taifa wa Kupenda Miti. Ndipo aliposimama Waziri wa Maendeleo ya Kidole, Mheshimiwa Bashasha, akasema watu wataulizwa kwa kompyuta. Kila kaya itajibu swali moja, ndiyo au hapana, kwa kubofya. Na kwa kuwa watu wa Chungumoja hawajawahi kuiona kompyuta, serikali kwa huruma yake itawafundisha kwanza kutumia kipanya.

"Hatuwezi kumuuliza mtu swali kabla hatujamfundisha kujibu," alisema Mheshimiwa, na maneno hayo yakachongwa kwenye ukuta wa wizara yake.

Habari zilifika bondeni kwa gari lenye kipaza sauti. Bi Siwatu alikuwa amekaa na chungu kibichi mapajani, akikilainisha kwa kokwa. Mzee Ngwali alisikiliza hadi gari lilipopita.

"Utajibu nini?" akauliza.

"Nitajibu hapana."

"Usijibu hivyo kwa ajili yangu."

"Sasa nijibu kwa ajili ya nani?"

Mzee aligeuza uso kuelekea mtoni. "Hapa mimi naona," akasema. "Wakinitoa hapa, ndipo nitakapokuwa kipofu."

"Basi nitajifunza hicho kipanya," Bi Siwatu akasema, akaendelea kulainisha chungu.

*

Kipanya kilizinduliwa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Kililetwa na bendi ya matarumbeta, kimelazwa juu ya mto wa mahameli nyekundu, mbele kimebebwa na askari mmoja na nyuma askari wa pili akishika waya wake usiburuzwe vumbini. Wananchi walisimama. Baadhi ya wanawake walifunika vichwa, wakidhani kuna aliyefariki.

"Ndugu wananchi," alianza Mheshimiwa Bashasha, na sauti yake ilikuwa nene, ya mtu anayeipenda. "Mnachokiona hapa ni kipanya. Kamati ya Kitaifa ya Majina imebishana muda mrefu kama kiitwe kipanya au puku, hata wajumbe wake wawili wakanuniana na hawajasalimiana hadi leo. Serikali imeamua kiitwe kipanya kwa sasa, wakati tunasubiri ripoti. Msikiogope. Hakiumi. Hakili mahindi. Hakizai. Kati ya panya wote wa nchi hii, huyu ndiye pekee anayekwenda anakopelekwa, na serikali inawaomba wananchi waige mfano wake. Kina vitufe viwili. Kitufe cha kushoto ni cha mwananchi. Cha kulia ni cha serikali, msikiguse."

Watu wakapiga makofi, kwa sababu bendi ilikuwa imeanza tena.

Mwinjuma, jirani yake Bi Siwatu, mfuga mbuzi, akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, anayetaka kukataa atabofya wapi?"

Mheshimiwa alitabasamu kwa furaha ya kweli. "Swali zuri sana. Patakuwa na kisanduku cha Ndiyo, na patakuwa na kisanduku cha Hapana. Demokrasia yetu ni pana, ndugu yangu. Ina visanduku viwili. Ziko nchi zina kimoja."

Akaondoka na bendi yake na kipanya chake, maana kile kilikuwa cha uzinduzi tu, na kilikuwa kinasubiriwa wilaya nyingine. Akawaachia mwalimu.

Mwalimu aliitwa Gaudensi. Alikuwa kijana mwembamba, mpole, mwenye cheo cha Afisa Mwelekezi wa Kipanya Daraja la Pili, na alilala kwenye stoo ya shule. Kompyuta yenyewe ilikuwa bado bandarini, ikisubiri kuzinduliwa na waziri wa bandari, ambaye naye alikuwa akisubiri bendi. Kwa hiyo Mwalimu Gaudensi alikata miche ya sabuni, akafunga uzi kwenye kila kipande, akawagawia wanafunzi wake.

"Hiki ndicho kipanya," akasema. "Kisukume mbele."

Wazee wa Chungumoja wakasukuma sabuni mbele.

"Kirudishe. Kipeleke kushoto. Sasa bofya kwa kidole cha shahada. Taratibu, mzee wangu, unakichoma."

Walijifunza kwa sabuni mpaka vidole vikanukia. Mwinjuma alisahau siku moja akaoga na kipande chake, akaandikiwa onyo kali kwa kupoteza kifaa cha serikali. Mtihani wa sabuni walifaulu wote, na redio ya taifa ikatangaza kwamba Chungumoja ndilo bonde la kwanza kufuta ujinga wa kipanya kabla ya kugusa kipanya.

*

Kompyuta ilipofika hatimaye, Bi Siwatu aliona kwamba sabuni haikumfundisha chochote.

Iliwekwa kwenye meza ya darasa la tatu, na jenereta lilinguruma nje chini ya dirisha. Bi Siwatu alikaa, akashika kipanya kwa viganja viwili kama mtu anayepokea kikombe kwa mkwewe, akakinyanyua na kukielekeza kwenye kioo. Kishale kilichokuwa kwenye kioo hakikutikisika.

"Mama, kiteremshe mezani," Gaudensi akamwambia. "Hakioni kikiwa hewani."

Akakiteremsha, akakisukuma. Kishale kikaruka hadi pembeni mwa kioo kikajificha, ikabaki ncha tu. Akavuta, kikapita mbio kwenda upande wa pili. Akasukuma tena, na meza ikaisha; akaendelea kusukuma hata kipanya kikaanguka, kikaning'inia kwa waya.

"Meza yenu ni fupi," akasema.

"Meza inatosha, mama. Ikiisha unakinyanyua, unakirudisha nyuma, unasukuma tena. Kishale kitakusubiri palepale."

Jambo hilo lilimshangaza kuliko yote: kwamba mkono unaweza kurudi nyuma na kazi yake ikabaki mbele. Kwenye udongo halikuwepo jambo kama hilo. Udongo ulikumbuka kila kidole kilichougusa.

Kubofya kulikuwa kugumu zaidi. Kidole chake kilikuwa kidole cha kukandamiza. Alipobofya, mkono mzima ulishuka nacho na kishale kikateleza kando. Gaudensi alimfungulia mchezo wa mazoezi, wenye kuku wanaotembea uwanjani, na mwanafunzi alitakiwa kumbofya kuku akiwa anatembea. Siku za mwanzo Bi Siwatu alibofya uwanja mtupu, alibofya mti, mara moja alibofya jua. Kuku walipita.

Alirudi nyumbani akachukua udongo, akafinyanga kipanya. Alikipa mgongo wa duara, akakichoma pamoja na vyungu, akakitilia ulimi wa mwanzi uliokuwa ukilia tak ukiubonyeza. Kila jioni alikisukuma juu ya ungo uliofunikwa kitambaa, na Mzee Ngwali alikaa karibu kusikiliza.

"Huo ulikuwa mzito," mzee alisema. "Umesukuma na bega."

Tak.

"Huo bado. Nimesikia mkono unateleza."

Tak.

"Huo ndio. Rudia huo."

Walifanya hivyo jioni nyingi, na huenda zilikuwa jioni njema kuliko zote walizowahi kuwa nazo, maana ilikuwa miaka sasa hawajapata jambo jipya la kufanya pamoja. Wakati mwingine mzee alimwomba ampe naye ajaribu. Alikuwa na mkono mwepesi. Alicheka peke yake akikisukuma.

Ulifika wakati Bi Siwatu akawa anabofya kuku wote, hata yule kifaranga mwekundu aliyepita kasi mwishoni, ambaye wenzake walidhani hakuwekwa pale ili abofywe. Gaudensi alisimama nyuma yake akitazama. Bi Siwatu alipogeuka ili apongezwe, alimkuta mwalimu wake ana uso wa mtu aliyepokea habari mbaya.

"Sijakosea?" akamuuliza.

"Hujakosea, mama. Una mkono mzuri sana," Gaudensi akajibu, akatoka kwenda kuangalia jenereta.

*

Siku ya kujibu ilipofika, watu waliingia darasani mmoja mmoja, na mlango ukafungwa nyuma yao, kwa kuwa serikali ile ilithamini sana siri ya mwananchi.

Wa kwanza kutoka alikuwa mzee wa msikitini. Alitoka akitazama chini, akapita. Waliofuata wakatoka vivyo hivyo. Mwinjuma, aliyeapa mbele ya watu wote kwamba atakataa, alitoka akiwa ameshika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto.

"Umejibuje?" Bi Siwatu akamuuliza.

"Mkono ulitetemeka, jirani," Mwinjuma akasema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nataka kule, nikajikuta huku. Tafadhali usiwaambie wenzangu."

Hakujua kwamba wenzake wote walikuwa na mkono unaotetemeka, na kwamba kila mmoja alikuwa ameomba jambo hilo lisisemwe.

Bi Siwatu akaingia. Alisalimiana na Gaudensi, akakaa, akakunjua vidole. Kwenye kioo palikuwa na swali: Je, unakubali kuhama kwa hiari? Chini yake palikuwa na kisanduku cha Ndiyo, cha kijani, kipana kama mkeka, kikichukua karibu kioo kizima. Na chini kabisa, pembeni, palikuwa na kisanduku cha kijivu, kidogo kama punje ya choroko, kimeandikwa Hapana.

Akapeleka kishale taratibu. Kilipokaribia, kisanduku cha Hapana kikaruka, kikaenda kutua upande mwingine.

Alidhani ni macho yake. Akajaribu tena. Kikaruka tena. Akajaribu kwa kasi, akajaribu kwa kunyata, akajaribu kukiegemeza ukutani mwa kioo kama mtu anayemfungia mbuzi kwenye kona. Kilipenya chini ya kishale na kuibukia juu.

"Mwalimu, hiki kinakimbia."

Gaudensi alikuwa akitazama dirishani. "Kisanduku hakiwezi kukimbia, mama. Hakina miguu." Aliyasema kama mtu anayesoma maandishi yaliyo ukutani. "Mwongozo unasema mkono wa mwanafunzi unakuwa bado haujatulia."

"Kuku wote nimewabofya. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Kwa hiyo?"

"Mwongozo unasema mwananchi ambaye hajaweza kubofya hahesabiwi kuwa amekubali wala amekataa. Anahesabiwa bado anajifunza. Unaweza kurudi kesho, mama. Au unaweza kubofya hicho kikubwa ukaenda kupumzika."

Bi Siwatu alisimama, akaweka sawa khanga yake. "Nitarudi kesho," akasema.

*

Alirudi kesho yake, na siku iliyofuata, na zilizofuata. Malori yalikuja kuwachukua majirani, nao wakapanda kwa hiari, wakiona haya kuangaliana. Mwinjuma alifunga mbuzi wake juu ya godoro lake, akampungia Bi Siwatu kwa ule mkono wa kushoto. Walipelekwa mji mpya uliojengwa tambarare, uitwao Mji wa Hiari.

Bonde likabaki na nyumba moja. Serikali ingeweza kuibomoa asubuhi moja kabla ya chai, lakini sheria ni sheria, na Bi Siwatu alikuwa hajajibu. Shule ilivunjwa; kikaachwa chumba kimoja chenye kompyuta, Gaudensi na jenereta. Upande wa chini wa bonde, ukuta wa kuzuia maji ulianza kuinuka. Mto ulipungua kasi. Siku moja Mzee Ngwali alirudi na ndoo yake, akamwambia mkewe kwamba jiwe lake la kukanyaga lilikuwa limezama.

"Bado kidogo," Bi Siwatu akamwambia. "Nimeanza kukijua."

Na kweli alikuwa ameanza kukijua. Aligundua kwamba kisanduku kilikimbia kishale kilipokisogelea, lakini kishale kikitulia, nacho kilitulia. Aligundua kwamba kilikimbilia upande ulio mbali na kishale, na kwamba kabla ya kuruka kulikuwa na pumzi ndogo ya kusita. Usiku alilala akikiona. Vyungu aliacha kufinyanga. Jioni alisukuma kipanya chake cha udongo, na Mzee Ngwali, aliyekuwa hamwoni, alijua kwamba mkewe hamsikilizi tena anapomsahihisha.

Habari zake zikafika wizarani. Wizara ilifurahi, ikamtangaza kuwa Mwanafunzi wa Taifa wa Kipanya, na picha yake ikabandikwa kwenye ofisi za umma kuhimiza elimu ya watu wazima. Mheshimiwa Bashasha mwenyewe akaanza kuja kumtazama. Alileta kiti chake, akakaa nyuma yake akinywa maji ya chupa, na wahandisi wa ziwa wakasimama mlangoni na kofia zao, wakimsubiri amalize kujifunza.

Asubuhi aliyokikamata ilikuwa ya mvua. Alisogeza kishale kuelekea kwenye kisanduku kwa uvivu, kama mtu asiyekihitaji. Kisanduku kikasita. Akanyanyua kipanya, akakirudisha nyuma huku kishale kikibaki palepale, mkono ukapata nafasi yote ya meza mbele yake. Halafu akasukuma mara moja, na hakusukuma kule kilikokuwa kisanduku. Alisukuma kule kitakakotua. Kikaruka, kikatua chini ya kishale.

Tak.

Kioo kikawa cheupe. Kisha yakatokea maneno: HAPANA. Jibu lako limepokelewa.

 Bi Siwatu aliondoa mkono wake juu ya kipanya akauweka mapajani. Alimgeukia Gaudensi. Gaudensi alikuwa amefumba macho.

Nyuma yake, Mheshimiwa Bashasha alisimama, akaanza kupiga makofi. Wahandisi nao wakapiga makofi.

"Bi Siwatu," akasema Mheshimiwa, na machozi yalimlengalenga, maana alikuwa mtu mwepesi wa hisia. "Kwa niaba ya serikali nakupongeza. Kisanduku kile kimetengenezwa na wataalamu ili kiwe kipimo cha juu kabisa cha ujuzi wa kipanya. Mwananchi wa kawaida hawezi kukibofya. Kwa hiyo aliyekibofya si mwananchi wa kawaida. Ni mtaalamu. Na mtaalamu wa kipanya katika nchi hii, kwa mujibu wa sheria, ni mtumishi wa umma. Kuanzia sasa hivi wewe ni Afisa Mwelekezi wa Kipanya Daraja la Tatu."

Bi Siwatu alingoja amalize. "Ahsante, mheshimiwa. Na jibu langu?"

"Jibu lako tunaliheshimu sana. Litahifadhiwa kwenye makumbusho. Ila swali lile, mama yangu, linawahusu wananchi. Mtumishi wa umma haulizwi kama anakubali kuhama. Mtumishi wa umma anapewa uhamisho." Akampa mkono. "Kituo chako ni Mji wa Hiari. Unaripoti leo."

Lori lilikuwa limekwisha kuwasha injini.

*

Gaudensi alimsaidia kupakia. Alibeba vyungu kimoja kimoja, akavizungushia majani ili visigongane. Mzee Ngwali alikuwa amekalishwa mbele, karibu na dereva, na alikuwa akipapasa mlango wa lori ndani na nje, akijaribu kuujua.

"Mwalimu," Bi Siwatu akauliza, "ulijua?"

Gaudensi aliweka chungu chini kwanza. "Kwetu kulikuwa na tambarare nzuri ya mtama," akasema. "Walitaka uwanja wa ndege. Mimi nilikibofya siku ya pili tu. Nilikuwa na mkono mzuri."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mama? Nikuambie bofya Ndiyo?"

 Bi Siwatu alikwenda nyuma ya nyumba, akapiga magoti mahali alipozikwa mama yake, akakaa huko mpaka dereva akapiga honi.

*

Mji wa Hiari ni mji mzuri. Nyumba zake zote zinafanana, zimepangwa mstari mmoja mmoja, mlango wa kila moja unatazama mgongo wa nyingine. Hakuna mti wala jiwe wala harufu, kwa kuwa mtaalamu wa mipango miji aliviona vitu hivyo vinachanganya ramani. Ardhi yake ni mchanga mtupu; ukiufinyanga, unamwagika kati ya vidole.

Wiki ya kwanza Mzee Ngwali alitoka akaingia nyumba isiyo yake, akakaa, akamwita mkewe amletee chai. Wenye nyumba wakamletea, wakamngoja anywe, wakamrudisha. Siku nyingine aliingia nyumba ya mbali zaidi na hakuna aliyemjua. Bi Siwatu alifunga kamba kutoka mlangoni kwao hadi chooni, ili mumewe aifuate kwa mkono, lakini afisa wa mji akaja akaikata kwa upole, akaeleza kwamba kamba haimo kwenye mpango. Baada ya hapo mzee hakutoka tena. Alikaa kitandani, mikono magotini, uso akiuelekeza popote.

Naye Bi Siwatu alikuwa na kazi. Serikali ilitaka kujua kama watu wa Chungumoja wameupenda mji wao, na kwa vile ilikuwa serikali inayopenda kuuliza, ikaleta kompyuta na swali jipya. Afisa Mwelekezi wa Kipanya Daraja la Tatu alitakiwa kukaa karibu na kila mwananchi na kumwelekeza. Swali lilisema: Je, umefurahi kuhama? Chini yake palikuwa na visanduku viwili vinavyolingana, vyote vya kijani. Kimoja kiliandikwa Ndiyo. Cha pili kiliandikwa Ndiyo Sana.

Majirani wa zamani waliingia mmoja mmoja. Walikuwa na hofu usoni, wakikumbuka aibu ya siku ile. Lakini safari hii walikwenda na kishale taratibu hadi kwenye kisanduku walichokichagua, na kisanduku kikatulia kikawasubiri, wakabofya, wakatoka vichwa juu.

Mwinjuma aliingia karibu ya mwisho. Alikuwa amekonda, na mbuzi wake walikuwa wamekwisha kufa kwa kukosa majani. Alikaa, akakunjua vidole kama alivyofundishwa, akasogeza kishale kwenye Ndiyo, akafikiri kidogo, akakitoa, akakipeleka kwenye Ndiyo Sana, halafu akakirudisha tena kwenye Ndiyo. Alibofya. Akainua mkono wake wa kulia mbele ya uso, akautazama.

"Umetulia, jirani," Mwinjuma akamwambia Bi Siwatu. "Umeona? Nimekwenda ninakotaka. Mkono wangu umepona."

Bi Siwatu alimtazama. Alikuwa na mengi ya kusema kuhusu ule mkono, na kuhusu kisanduku cha kijivu, na hata alifungua kinywa. Lakini furaha ile ndiyo pekee aliyoiona usoni mwa mtu tangu wafike pale.

"Nimeona," akasema. "Umebofya vizuri."

Jua lilipokuwa linashuka alirudi nyumbani. Ilimbidi ahesabu milango. Mzee Ngwali alikuwa palepale kitandani; alisikia hatua zake, akageuza uso upande wa ukuta, maana mwangwi wa nyumba ile ulimdanganya.

"Leo mmeulizwa nini?" akauliza.

"Kama tumefurahi kuhama."

"Na wewe umejibuje?"

Bi Siwatu alikaa kando yake, akauchukua mkono wa mumewe, akaugeuza uso wa mzee taratibu mpaka ukatazamana na wake.

"Mimi ni mtumishi," akasema. "Sikuulizwa."